Hodi ya Waya wa Njano

Jumatatu, 5 Februari 2018

Harriet kapiga simu kutoka London kabla sijamaliza kunyoa. "Stuart mpenzi!" Meneja wetu akiniita mpenzi najua kuna jambo. Jambo lenyewe ni lile lile: albamu ina nyimbo kumi na moja, wa kumi na mbili uko wapi? Miaka thelathini na mitano ya bendi yetu, Tentercroft, watu wanasubiri, wachapishaji wa santuri wana foleni. Mwisho kabisa Machi 13. Nikamwambia wa kumi na mbili anao mwenzangu Neville. Basi mwulize Neville, akasema. Nikacheka. Yuko nasi mwaka wa kumi na tisa huu na bado anadhani Neville huulizwa.

Wiki ya tatu sasa jamaa anahangaika na sauti moja. Nikifika kazini saa nane kashaondoka, kaniachia makombo ya biskuti tu. Hatujafanya kazi chumba kimoja tangu 1986, tulipotaka kutoana meno kule Rotterdam kwa sababu ya mlio wa ngoma. Mlio wa ngoma! Tuliporudi Halifax, Lorraine, mkewe Neville, alitukalisha jikoni kwake kama watoto, akatugawia saa. Neville asubuhi hadi saa saba. Mimi kuanzia saa nane. Ile saa moja katikati ni ya kupoza hewa, alisema. Ndoa yangu mimi ilidumu miaka sita. Utaratibu wa shemeji una miaka thelathini na miwili.

Mvua ya barafu tangu asubuhi. Nimekula pai ya nyama nimesimama.

Jumanne, 6 Februari

Andika kwa mpangilio, Stuart. Taratibu.

Saa nane kasoro nimefika. Kiwanda cha mazulia, ghorofa ya tatu, chumba chetu — pale pale mama yangu alipofuma kabla mashine hazijanyamaza. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Si kawaida ya Neville, yeye hufunga hata akienda msalani. Taa zinawaka. Bibi, mashine yetu ya sauti, anawaka.

Nimetengeneza chai. Kikombe changu kichafu, nikachukua cha Neville kilichokuwa karibu. Kisha nikapiga hodi, kama siku zote: macho yamefumbwa, nachomoa ncha ya waya mmoja wa Bibi, naichomeka tundu jingine lolote mkono utakalolipata. Mmoja tu. Ndipo unafumbua na kusikiliza kazi ya mwenzako imegeuka nini. Nyimbo zetu zote zimezaliwa hivyo, yeye akivuruga yangu asubuhi, mimi nikivuruga yake mchana.

Leo ulikuwa wa njano. Ukatoka mvumo mzito usio na kichwa wala miguu. Friji. Nikasema kwa sauti: wiki tatu, Neville, kwa ajili ya friji?

Halafu simu. Lorraine. Sikumwelewa mwanzoni, nilidhani ananiambia habari za mkate. Neville kaanguka kwenye foleni ya duka la mikate, mkate mkononi. Kiharusi. Mwenye duka kamlaza sakafuni, akamwekea aproni chini ya kichwa. Gari la wagonjwa lilikuja upesi.

Nimetoka bila koti. Bibi nimemwacha anavuma.

Hawakuniruhusu kumwona. Ndugu tu. Nikasema mimi ni — sikujua niseme mimi ni nani.

Jumatano, 7 Februari

Nimemwona. Lorraine kamwambia muuguzi mimi ni kaka wa Neville. Mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia hivyo hivyo. Uso umeteleza upande mmoja. Macho ni yake yale yale, yananikagua kama nimechelewa.

Maneno yamekwenda. Yote, isipokuwa moja. Anasema "Jumanne."

Unataka maji, Neville? Jumanne. Unaumwa? Jumanne. Huyu ni nani? — muuguzi kanionyesha mimi — Jumanne, kwa ukali, kama mtu aliyeulizwa upuuzi. Daktari anasema hutokea, neno moja linakwama mlangoni na mengine yote yanabaki nyuma yake. Yamo, lakini hayatoki. Na kuelewa, je? Anaelewa zaidi ya mnavyodhani, akasema, kwa hiyo mchunge midomo yenu.

Lorraine hajalia. Amefuma nusu ya soksi.

Jumamosi, 10 Februari

Nilikwenda kiwandani kumzima Bibi. Sikumzima. Nilikuta kikombe cha Neville kwenye sinki, kile cha Blackpool chenye picha ya punda, masalia ya chai yangu ndani yake.

Nikakishika. Nikakumbuka nilikichukua wapi.

Juu ya Bibi. Kimefunikwa. Kimefunikwa, mdomo chini!

Tangu mwanzo ishara yetu ni moja. Kikombe kikifunikwa juu ya Bibi maana yake: nimemaliza, usipige hodi, rekodi kwanza. Aliyeizaa sauti hairekodi mwenyewe. Inalala, mwenzake anaikuta na masikio mapya, anairekodi yeye. Neville aliweka sheria hiyo alipokuwa bado fundi wa simu. Bibi mwenyewe kamtengeneza 1982 kwa bao la zamani la kuunganishia simu: matundu mia moja na ishirini, nyaya za rangi nne, na kumbukumbu hana hata ya dakika moja. Ukichomoa, imekwenda.

Wiki tatu za kazi yake. Kazi ya mwisho kabla ya kuanguka. Aliimaliza, akafunika kikombe, kichwa labda kilikuwa tayari kinamgonga, mlango akasahau kuufunga, akaenda kununua mkate. Nami nikaja nikanywea chai kwenye ishara yenyewe.

Miaka thelathini na mitano kikombe kimefunikwa pengine mara sitini. Sijakosa hata mara moja. Hata nilipokuwa mlevi sikukosa.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu huyu kaja mbio.

Jumatatu, 12 Februari

Nimepiga hesabu. Nilichogusa ni ncha moja tu ya waya mmoja, basi. Vitufe vya kuzungusha sikuvigusa, namshukuru Mungu na uvivu wangu. Ulikuwa wa njano. Nyaya za njano ni tisa, zina ncha kumi na nane. Matundu matupu sitini. Ncha moja kati ya zile ilitoka kwenye tundu moja kati ya haya.

Elfu moja na themanini.

Naweza kuzijaribu zote. Moja baada ya nyingine, narekodi kila moja nusu dakika, naandika namba, narudisha waya, nahamia nyingine. Sauti yake imo humo. Lazima imo.

Nimefanya arobaini na nne leo. Nyingi ni friji ile ile. Tatu hazina sauti kabisa. Moja ilibweka.

Jumatano, 14 Februari

Mia moja na sabini na nne. Harriet anapiga, sipokei.

Lorraine kauliza kwa nini sionekani hospitali mchana. Nikasema nashughulika na wimbo wa Neville, nyaya zilichomoka kidogo. Zilichomoka! Zenyewe, kwa miguu yao.

Jumapili, 18 Februari

Zimefika mia tano na kumi. Kati ya hizo nimechagua ishirini nzuri, nikampelekea na hedifoni. Nilimpangia: ikiwa ndiyo hii, Neville, nifinye mkono. Namba 31. Jumanne. Namba 77. Jumanne. Namba 202 — kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote, ina kitu cha kupanda ngazi — akafumba macho. Nikasimama. Nikasema ndiyo hii? Ndiyo hii?

Alikuwa amelala.

Lorraine kanivuta hadi kwenye korido. Akaniambia bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo sauti yake ya kuogopwa: "Shemeji, mtu hata kijiko hajakishika, wewe unamletea mitihani?" Nikasema ni kwa ajili yake. Akasema, "Kwa ajili yake au kwa ajili yako? Uso wako huo nimeujua kabla hujaota ndevu. Umevunja nini?"

Sikumwambia. Nilisema nimechoka. Akanipa kipande cha keki kilichofungwa kwa karatasi, na macho yake yakasema nitajua tu.

Jumanne, 20 Februari

Mia saba na tisini. Masikio hayasikii tena tofauti. Nilirekodi kimya nikakiita kizuri.

Sauti elfu moja, nayo ni mojawapo, na mimi sijawahi kuisikia! Nitaitambuaje? Ni mtu mmoja tu anayeijua, naye ana neno moja.

Alhamisi, 22 Februari

Nimefanya jambo. Andika tu.

Harriet alinipata jana. Alilia kwenye simu, kwa kweli, nami sikutegemea. Akasema: Stuart, kama hamna wimbo hamna, tutatoa kumi na moja, lakini niambie. Nikajikuta nasema upo. Neville aliuacha tayari.

Leo nikautengeneza. Nilichukua namba 202, nikaandika vitufe vilivyokaa, nikavigeuza, nikauchelewesha mwendo kama anavyopenda yeye, nikaweka zile pumzi zake ndefu, nikajizuia kila mahali ambapo mimi ningejaza. Najua mkono wake kuliko wangu. Dakika sita na nusu. Mzuri! Mungu anisamehe, mzuri mno. Nikautuma saa kumi na moja jioni.

Harriet kajibu baada ya nusu saa. Anasema ameusikiliza mara tatu amekaa sakafuni. Anataka kuandika kwenye jalada kwamba ndiyo sauti ya mwisho ya Neville Ackroyd kabla ya ugonjwa.

Nilifungua dirisha. Chini watoto wa shule wanakula chipsi, siki inanukia hadi ghorofani.

Jumamosi, 24 Februari

Nimempelekea Neville wimbo. Nilitaka — sijui nilitaka nini. Baraka labda. Sikumwambia ni wa nani. Nilimvalisha hedifoni tu, Lorraine akamshikilia ile ya kulia isiteleze.

Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, akanitazama. Ya tatu, mdomo ule ulioteleza ukaanza kutetemeka, nami nikasema moyoni, sasa atalia, nimemuua.

Akacheka.

Karibu wiki tatu hajacheka. Mabega yanaruka, chozi linamtoka, ananinyooshea kidole cha mkono wa kushoto huku anasema Jumanne, Jumanne, Jumanne, kama anayesimulia kisa baa. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Lorraine kavaa hedifoni, kasikiliza kidogo, kavua. "Hii ni yako wewe," akasema. "Umevaa koti la mume wangu, na mikono imekupita."

Lorraine, ambaye kwa miaka yote husema nyimbo zetu zinafanana na mashine ya kufulia! Hata yeye.

Nilicheka nao. Nikaenda msalani nikakaa humo muda mrefu.

Jumatatu, 26 Februari

Nimempigia Harriet. Nikamwambia ule wimbo si wa Neville. Nikasema ni wangu, nimemwigiza. Akavuta pumzi, akaanza taratibu, kama mtu anayemshusha paka kutoka mtini.

"Stuart, mpenzi wangu. Nyimbo mia na arobaini, zote zimeandikwa Tentercroft. Hamjawahi kusema nani kafanya nini. Mliwakatalia hata waandishi wa magazeti. Nani atajua?"

Nikasema sisi tulijua.

"Sisi nani?"

Mimi na yeye. Kila siku nilijua ipi ni hodi yangu na ipi ni yake, naye alijua. Ndiyo kazi yenyewe. Tentercroft, jina la uwanja wa kuanikia vitambaa nyuma ya shule yetu, tuliliweka mbele ili wengine wasijue. Sisi wenyewe hatukuwahi kudanganyana.

Halafu akasema: basi ufuteni huo, nitangoja hadi tarehe 13, jioni, zaidi ya hapo ni kumi na moja. Na akaniuliza — kwa upole, akijua anachokiuliza — kama ziara ya vuli tuifute, au nitakwenda peke yangu.

Peke yangu. Jukwaani, kiti kimoja.

Njia ya mwongo fupi, nimefika mwisho wake na sijui nirudi vipi.

Jumatano, 28 Februari

Theluji. Mji umefungwa, mabasi hayapandi mlima. Nimetembea saa moja na nusu hadi hospitali, viatu vya mjinga. Lorraine ameshindwa kutoka kwao, mlango umezibwa hadi dirishani. Wodi kimya. Wauguzi wawili wamelala hapo hapo kazini tangu jana, macho mekundu.

Tulikuwa peke yetu. Mara ya kwanza chumba kimoja, yeye na mimi, saa nzima, tangu Rotterdam.

Nikamwambia. Kikombe cha punda, chai, waya wa njano, elfu moja na themanini, wimbo wa kuigiza, yote. Nilisema nikitazama theluji kwa sababu sikuweza kumtazama. Nilisema, Neville, ulimaliza kazi yako ukanikabidhi, na mimi nikaipoteza. Nikasema samahani. Sijui kama niliwahi kumwambia neno hilo. Nadhani hapana. Hata la Rotterdam tuliliruka.

Nilipogeuka alikuwa ananitazama. Muda mrefu. Akaniita kwa kidole, karibu, karibu zaidi. Nikainama nikidhani atanong'ona.

Akanishika sikio akalivuta. Kwa nguvu zote za mkono wa kushoto, kama Mwalimu Holroyd wa hesabu. Nilipiga kelele, muuguzi akaja mbio. Neville akaniachia, akajilaza, akafumba macho. Jumanne, akasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza shughuli yake.

Sikio linaniuma hadi sasa. Nimerudi kwenye theluji nikiimba.

Jumapili, 4 Machi

Dada wa mazoezi ya kusema anamfundisha kwa kuimba. Anasema wimbo unakaa upande mwingine wa kichwa. Neville kaimba "heri ya siku ya kuzaliwa" mstari mzima, maneno yote! Ukimwambia aseme neno hilo hilo bila tuni — Jumanne. Lorraine sasa anamwimbia kila kitu. Waataka maaji? Viatu viko waapi? Amenikataza kucheka. Na mimi nimeimba: nilipoondoka nilimwimbia kwaheri, sauti yangu ya chura, naye akaziba masikio. Moja, maana mkono mmoja.

Zilizobaki mia mbili na tisini sijazigusa.

Ijumaa, 9 Machi

Karudi nyumbani. Kitanda wamekiteremsha sebuleni. Ametembea kutoka kwenye gari hadi mlangoni kwa fimbo, Lorraine kulia, mimi kushoto, na mlangoni akasimama akatusukuma wote wawili akaingia mwenyewe.

Tumekula viazi na njegere. Lorraine kamkatia, kakataa, kala kwa kushoto, nusu mezani nusu shatini.

Nilipokuwa naosha vyombo Lorraine alinijia. Kasema anajua habari ya kikombe. Nani kakwambia? "Wewe mwenyewe, shemeji. Umeosha kikombe kimoja dakika kumi." Halafu akaimaliza kazi ya kufuta sahani zote, ndipo akasema: jana aliimba. Aliimba "kiwanda." Hakufundishwa. Aliimba mara mbili, anatazama funguo zake.

Tumepanga kumpeleka Jumanne. Asubuhi. Kutazama tu, akasema. Dakika kumi.

Jumatatu, 12 Machi

Nimefagia chumba. Nimerudisha kila waya na kila kitufe kama vilivyokuwa ile siku nilipotoka bila koti, yaani friji. Atanionyesha. Ndivyo nilivyofikiri usiku kucha: hahitaji kusema, atanyoosha kidole tu. Huu ulikuwa hapa. Basi. Narekodi nusu saa, namtumia Harriet, kazi yake imepona.

Na ikiwa hakumbuki?

Nimesugua kikombe cha punda hadi punda kafifia.

Jumanne, 13 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi za kiwanda. Saa nne na nusu asubuhi. Nimefukuzwa!

Andika kwa mpangilio.

Tulimpandisha kwa lifti ya mizigo. Saa tatu na robo alikuwa mlangoni. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini — huyu kakimbia kwa fimbo. Alikaa kwenye kiti chake, Lorraine kampa chai kwenye kikombe cha punda, nikamwasha Bibi. Friji ikavuma. Neville akakunja uso, akanitazama, uso wa mtu aliyeletewa supu baridi. Nikasema najua, najua, ndiyo maana tupo hapa. Nionyeshe tu. Waya upi, tundu lipi. Nilipiga magoti mbele ya Bibi na kalamu mkononi.

Aliutazama ule msitu wa nyaya muda mrefu sana. Mkono wa kushoto ukanyanyuka, ukapita juu ya wa njano mmoja, ukasimama hapo. Anaujua! Naapa anaujua, kidole kilikuwa juu yake, kiliugusa.

Halafu akafumba macho.

Nikapiga kelele, "Neville, hapana!" Mkono ukahama, ukapapasa, ukachomoa wa kijani, upande wa pili kabisa; tundu ulikotoka sikuliona, macho yangu yalikuwa kwenye wa njano. Akatafuta tundu kwa kidole gumba, taratibu, ncha ikakwama mara mbili, ya tatu ikaingia. Hodi.

Friji ikafa. Kikatoka kitu kingine. Kidogo, chembamba, kinatembea.

Nikasema: sasa haipatikani tena. Neville, umeelewa? Ile yako, haipatikani tena kamwe. Nilikuwa karibu kulia. Nililia. Akafumbua macho, akasikiliza kidogo, kichwa kimeinama upande ule mzima. Akatazama saa ya ukutani. Akanitazama mimi. Akanyoosha kidole — mlango.

"Jumanne," akasema.

Saa tatu na nusu asubuhi. Saa zake.

Nilimtazama Lorraine anitetee. Lorraine kashika mdomo, sijui kicheko sijui kilio. "Utaratibu ni utaratibu," akasema, na naye akaonyeshwa mlango.

Saa tano na dakika kumi

Tuko ngazini, mimi na shemeji. Mlango umefungwa. Alijaribu kuufunga kwa ufunguo, tulisikia, akashindwa, akatukana — tusi halisi, Kiingereza cha viwandani, neno zima, bila kuimba! Lorraine kapiga makofi.

Sauti inapita chini ya mlango. Ameiondoa ile nyembamba. Kuna kitu kizito sasa kinajaribu kusimama na kuanguka. Anakiacha. Anakirudia. Mimi ningeshakijaza.

Harriet ameandika: vipi? Nimemjibu: subiri.

Saa sita kamili

Lorraine anafuma. Anasema dakika kumi zimekuwa saa mbili na nusu, daktari atamkata kichwa. Lakini hasimami. Nimemwuliza kama analijua jibu: kwa nini hakunionyesha? Kidole kilikuwa juu yake.

Akahesabu vitanzi vyake vya sufu kwanza. "Ungeionyesha wewe?" akasema. "Angekuonyesha, ungeirekodi, mngeiita ya mwisho. Kisha?"

Nimetoa biskuti, tumegawana.

Saa saba kasoro dakika ishirini

Kimya. Dakika tatu sasa. Hakuna mvumo, hakuna kiti, hakuna kikohozi.

Lorraine kaacha sindano. Kasema naingia. Kasimama. Nimemshika mkono. Nimesema saa saba haijafika, shemeji. Saa uligawa wewe.

Kakaa. Amekaa ukingoni kabisa mwa ngazi.

Bado kimya. Nataka kuingia. Nataka kuingia kuliko —

Hapo! Mlio mdogo, mgumu. Udongo juu ya bati. Kikombe kimewekwa juu ya Bibi.

Kwa kitako au kwa mdomo, mlio hausemi. Labda kamaliza chai yake tu. Lorraine ananitazama, namtazama.

Dakika kumi na saba bado, saa saba ifike.